Aliyejitokeza

"Ajitokeze mwenyewe," alisema ofisa wa uhamiaji, "au tuanze kukagua karatasi za mmoja mmoja."

Mashine za kufulia zilikuwa zimezimwa. Wanawake wa chumba cha chini ya hoteli walisimama kando ya meza za kukunjia, mikono ingali na unyevu.

Dada Mkubwa, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndiye mkongwe wao pale, aliinamisha macho sakafuni. Hakutegemea waje leo. Alikuwa ameshaomba ruhusa ya kesho na keshokutwa, makusudi, ili wakija asiwepo.

Kisha binti waliyemwita Kimya akaisimamisha pasi yake, akainyoosha vizuri foronya aliyokuwa akiipiga, akasema, "Ni mimi."

Ofisa alimtazama, akawatazama wengine, akaridhika. Waliondoka naye akiwa bado na aproni. Hawakumuuliza mtu mwingine swali lolote.

Aliyepiga simu uhamiaji alikuwa Dada Mkubwa. Aliazima simu sokoni, na hakutaja jina lake wala la mwenzake. "Kuna mwanamke hana karatasi," alisema. Akataja hoteli, akataja chumba cha kufulia, halafu ulimi ukawa mzito, akakata.

Chanzo kilikuwa usimamizi. Msimamizi wa zamani alikuwa amestaafu, na meneja akawa hana wimbo mwingine ila Kimya, yule aliyekuja juzi tu, mwepesi wa mkono, mzito wa mdomo. Dada Mkubwa, aliyezeekea kwenye mvuke ule, akaona anarukwa.

Na alikuwa na hakika Kimya hana karatasi. Siku hizo redio ya pale chini haikuwa na habari nyingine. Mheshimiwa mmoja alitaka wageni wote wasio na vibali watimuliwe. Mwingine alitaka walioishi na kufanya kazi kwa muda mrefu waandikishwe, wahalalishwe, yaishe. Wafuaji nao walibishana huku wakikunja mashuka.

"Wakitimuliwa wote," alisema mmoja wao, "huyo mheshimiwa soksi zake atafuliwa na nani?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kimya hakucheka. Kila mjadala ulipopamba moto, alikumbuka ghafla kazi fulani upande wa pili wa chumba. Dalili zile Dada Mkubwa alizijua vizuri mno.

Basi Kimya alipochukuliwa, usimamizi akapewa Dada Mkubwa. Wenzake walimpongeza, akashukuru. Pasi ya Kimya ilibaki palepale, hakuna aliyetaka kuishika.

"Mtoto wa watu masikini," walisema. "Sijui nani kamchongea. Mtu wa namna hiyo analalaje?"

Dada Mkubwa aliinama chini ya meza kuokota kibanio ambacho hakikuwa kimeanguka.

Siku yake ya mapumziko alikwenda hadi kwenye jengo walikozuiliwa watu. Alipoziona sare langoni, miguu ilikataa. Akazunguka mtaa, akajipa moyo, akarudi. Ikakataa tena. Mwishowe akanunua mkate, sukari na sabuni, akashika njia ya nyumbani kwa kina Kimya. Kama ameshindwa kumwona binti, angalau mama yake asilale njaa.

Njiani alijipangia maneno. Angesema shetani alimpitia. Hapana, shetani hana hatia hapo, angesema wivu. Angemwambia yule mama achague mwenyewe: amtukane, amzabe kibao, amtangaze mtaa mzima. Lolote lingekuwa nafuu kuliko kuitwa tena msimamizi.

Alibisha hodi. Mlango ukafunguliwa na Kimya mwenyewe, kisu cha vitunguu mkononi.

Mfuko ulimponyoka Dada Mkubwa.

"He, dada! Karibu. Mama kajilaza kidogo."

"Wamekuachia?"

"Sasa wangenishikia nini? Nimezaliwa hapahapa mjini. Mgeni alikuwa mama, naye alishahalalishwa zamani, mimi sijaanza hata shule." Kimya alicheka, cheko ambalo chumba cha kufulia hakijawahi kulisikia. "Walipekua wee, mpaka wakachoka. Yule ofisa kafura! Ananiuliza, 'Ulikuwa unatupotezea muda wa nini?' Nikamwambia, nisamehe afande, nilichanganyikiwa."

"Na... redio? Mbona ulikuwa unakimbia redio?"

"Wanamsema mama yangu, dada, nikae kusikiliza?"

Dada Mkubwa hakuweza kusimama zaidi. Alipiga magoti pale pale mlangoni, katikati ya sukari iliyomwagika.

"Nisamehe, mdogo wangu. Ni mimi."

"Najua ni wewe."

Kimya alichungulia uchochoroni, akamvuta ndani, akafunga mlango. Sauti yake ikashuka ikawa mnong'ono.

"Nilijua tangu siku ile ulipoungua na mvuke, ukamwita mama yako kwa lugha ya mama yangu. Wangeanza kukagua mmoja mmoja, wewe ungewaonyesha karatasi gani? Ndiyo maana nikawawahi."

Dada Mkubwa alijiinamia palepale sakafuni, akaufunika uso kwa viganja.

"Nyanyuka, jamani, yamekwisha," Kimya alisema, akimfuta sukari magotini. "Ila uwe macho, dada yangu. Huyo aliyekuchongea bado yumo mle ndani."