Kitambaa cha Kaki

Kila alipoitwa Yasmina, Swafiya alichelewa kidogo kuitika, kama mtu anayelitafuta jina lake mfukoni.

"Yasmina," bosi akarudia kutoka mezani. "Masikio yako yamebaki nyumbani?"

"Ni hii barakoa, bosi. Inaziba mpaka masikio."

Yasmina mwenyewe, fundi wa kweli, alikuwa nyumbani Kinyinya, amefungiwa chumbani na Swafiya, mdogo wake. Ana pumu tangu utoto. Vumbi la kitambaa peke yake lilitosha kumkalisha usiku kucha akiivuta pumzi kama anayevuta ndoo kisimani. Hiyo Korona ingemkuta hata na kifua cha kupigania? Lakini watu walipoachiwa kutoka kwenye guma mu rugo, ile amri ya kukaa ndani, karakana ya Bwana Kabera pale Sonatubes ikatoa tangazo lake: fundi asiyerudi Jumatatu, cherehani yake atapewa mwingine. Yasmina akaanza kujifunga kilemba huku anakohoa. Swafiya akamvua, akajifunga yeye. Mkahawa wa Gisimenti aliokuwa akibebea sahani ulishafungwa, na nyumba nzima ilikuwa inakula kwa cherehani ile.

Wamezaliwa tumbo moja, wana macho yale yale. Chini ya macho ni barakoa. Nani angejua?

Kushona hakujua, ila karakana ilikuwa inashona barakoa tu, na barakoa ni mstari ulionyooka, unageuza, mstari mwingine. Baada ya kujichoma sindano vya kutosha, hata mbeba sahani anaweza.

Kilichomnyima usingizi ni bosi. Yasmina alishamwelezea Kabera kuwa mtu mwenye ndevu nyeupe kama pamba na kelele za sokoni, mtu anayesalimia mpaka vyerehani. Huyu alikuwa kimya. Kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, koti kubwa halivuliwi hata jua likiwaka, na chai anakunywa ameupa ukuta uso. Swafiya akajiambia, Korona imewatisha hata matajiri.

Kisha yakaanza maswali.

"Yasmina, sukari iko wapi?"

Dada yake alishamwonya: ukimwekea Kabera sukari, unafukuzwa. "Bosi, weye na sukari tena?"

Bosi akakohoa kidogo. "Nilikuwa nakupima."

Siku nyingine akamuuliza, kwa kuwa yeye ni fundi wa zamani pale, mkasi mkubwa wanawekaga wapi.

"Pale pale pa siku zote, bosi."

Bosi akachungulia chini ya meza. "Pa siku zote ni wapi?"

Swafiya akamgeukia muzehe Twagirayezu, fundi wa cherehani ya nyuma, mtu wa maneno machache na skafu nyingi. Muzehe akainama zaidi juu ya kazi yake, kama mtu asiyetaka kuitwa shahidi. Wakautafuta wote watatu mpaka wakaukuta chini ya marobota.

Jioni alimsimulia dada yake. Kifua cha Yasmina kilikuwa kinapiga mluzi. "Anakupima," akasema. "Kabera anajua sana watu. Akikushika tumekwisha wote. Bora nirudi mwenyewe."

"Urudi na kifua hicho? Lala."

Ijumaa likaletwa robota la kaki. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na shule moja ilitaka suruali za wanafunzi. Barakoa basi. Bosi akatandaza kitambaa mezani, akaweka chaki, futi na mkasi juu yake, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Yasmina, kata."

Swafiya akasema muzehe Twagirayezu ana mkono mzuri kuliko wake. Muzehe akajibu, bila kuinua kichwa, kwamba macho yake yalibaki ndani ya guma mu rugo. Swafiya akajaribu kucheka. Si bosi mwenyewe akate? Kicukiro nzima inausifu mkono wake.

"Bosi hakati," akasema bosi. "Bosi anaangalia."

Akaushika mkasi. Ukawa mzito kama jembe. Akikata vibaya, kaki imeharibika na cherehani ya Yasmina imekwenda. Akikataa, kesho Yasmina atakuja mwenyewe, na kifua kile. Midomo ya mkasi ikagusa kitambaa, ikaacha alama ndogo isiyo ya chaki.

Akauweka chini. Akaishusha barakoa mpaka kidevuni.

"Mimi siyo Yasmina. Ni mdogo wake, Swafiya. Dada ana pumu, akija hapa mtamzika. Mimi ni wa kubeba sahani, sijawahi kukata hata leso. Nifukuze mimi, bosi. Cherehani yake umwachie."

Bosi hakupiga kelele. Alikwenda mlangoni, akaufunga, akarudi na kusimama mbali, kama sheria ilivyotaka. Akavua kofia. Akavua koti, na nusu ya mwili wake ikaenda na koti. Mwisho akavua barakoa, na chini yake kukatokea kidevu laini cha kijana, ambacho hakijawahi kuona wembe.

"Baba ana sukari," akasema. "Daktari amemkataza hata kufika getini."

Kijana akakitazama kitambaa, kisha akamtazama Swafiya, akashusha sauti.

"Sasa dada, hapa ndani nani anajua kukata suruali?"

Wote wawili wakageuka nyuma. Cherehani ya muzehe Twagirayezu ilikuwa imenyamaza, na mkono wake, taratibu, ulikuwa unapanda kwenda nyuma ya sikio, kwenye mpira wa barakoa.