Kukwama Mchana Kweupe

Harlan Deppen alipunguza mafuta mahali ambapo hata mlevi hapunguzi. Boti ikashusha tumbo, ikasaga changarawe, ikatulia katikati ya Mto Susquehanna kama ng'ombe aliyegoma.

Curtis, mteja wake, alishika kiti kwa mikono miwili. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, macho mekundu kwa usingizi, na hii ndiyo siku pekee aliyopata ya kuvua kabla mto haujaanza kuganda. Asubuhi, kwenye shimo refu chini ya daraja la reli, mahali samaki waitwao besi wanapojikusanya baridi ikikaribia, alikokota chambo cha mpira taratibu mpaka akahisi uzito kama wa jani bichi. Akatoa besi mmoja wa rangi ya shaba, mnene, mvivu kwa ubaridi. Wakampima, wakamrudisha majini. Alitaka mwingine.

"Tumegonga nini, mzee?"

"Hatujagonga. Tumekaa."

Boti ya jeti haina pangaboi. Injini hunyonya maji chini na kuyatema nyuma. Ikikimbia, hupita hata juu ya maji yasiyofika kifundo cha mguu. Ikipunguza mwendo hushuka kidogo, na kidogo hicho kinatosha. Curtis aliambiwa hayo asubuhi ile ile, na aliyemwambia ni Harlan.

"Nishuke nisukume?"

"Ushuke ufe? Maji ya Novemba yanakata pumzi. Kaa."

Curtis akachukua upondo, akasukuma mpaka bega likalia. Boti haikutikisika. Harlan naye alisukuma mara moja, kivivu, kama anayemwamsha mtoto siku ya Jumapili, kisha akaketi. Alikuwa na miaka sabini na ushee, na uchovu wake haukuwa wa siku moja.

Huko juu walikuwa wamefunga milango ya bwawa. Ilionekana kwenye mawe: maji yalikuwa yanashuka, yakiacha utepe mweusi.

"Yakipungua zaidi tutalala hapa," Curtis alisema, akatoa simu. "Napigia waokoaji."

"Subiri. Yupo mtu huko chini. Ndugu yangu, Elvin."

Curtis akakumbuka. Asubuhi, kwenye mteremko wa kushushia boti, Harlan alilisogelea lori la buluu la ndugu huyo lililokuwa limeegeshwa, akaweka kiganja juu ya boneti kama anayepima joto la injini. Curtis alidhani anataka kutoa upepo matairi, maana mwenye duka la chambo alishamnong'oneza kwamba ndugu hao hawajasemeshana tangu walipomzika mama yao.

"Huyo ndiye wa kutuokoa?"

"Walimpasua kifua mwezi wa nane," Harlan alisema, macho kwenye kona ya mto. "Nilisikia dukani, kama watu wengine. Sijui kama bado anaweza kushika usukani."

Alimimina kahawa, akaisahau mkononi mpaka ikapoa. Majani makavu yalipita yakielea, mengine yakanasa ubavuni mwa boti. Mstari mweusi kwenye mawe ukaongezeka upana.

"Funga koti la mvua," Harlan akasema.

"Mbingu kavu hii, mzee."

"Funga tu."

Curtis alikuwa ameshaanza kubonyeza namba za waokoaji injini iliposikika. Harlan alisimama ghafla hivi kwamba goti likalia. Boti ya kijani ikatokea konani. Curtis alipunga mikono yote miwili, lakini boti haikupunguza mwendo. Ilipita karibu nao, kwenye mkondo wa kina, wimbi lake likaruka ubavu na kuwamwagikia. Yalikuwa maji ya barafu. Kisha ikageuka huko juu, ikasimama ikinguruma chini chini.

"We mgeni," Elvin alipaza sauti, bila kumtupia jicho ndugu yake. "Muulize dereva wako leseni aliiokota wapi."

"Mwambie amekonda," Harlan akamwambia Curtis.

"Si anakusikia? Yuko hapo tu."

"Mwambie."

Curtis akapumua. "Anasema umekonda."

"Mwambie chakula cha hospitali hakina chumvi. Halafu mwambie ameota kibiongo."

"Mwambie hata alipokuwa mnene hakujua kuendesha."

Curtis alifuta maji usoni. Alikuwa ameendesha malori na wehu wa kila aina, lakini hawa walikuwa wapya.

Elvin akafungulia mafuta, akarudi kwa kasi, karibu zaidi. Safari hii Harlan alikuwa ametanua miguu, upondo ameukita katikati ya mawe. Wimbi likaja, likainua boti kama kiganja, naye akasukuma kwa uzito wake wote. Boti ikateleza, ikaingia kwenye maji ya kina. Elvin hakugeuka. Alishuka na mto mpaka kona ikammeza.

Harlan alibaki amesimama hadi mlio wa injini ile ulipokwisha kabisa. Ndipo akawasha ya kwake. Akaizungusha boti, akaiongezea mwendo, akapita juu ya changarawe zile zile, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukitafuta chupa ya kahawa chini ya kiti, wala hakutazama maji.

Curtis alimtazama kwa muda, meno yakigongana.

"Mzee, mto wote huu umeuweka kichwani. Ilikuwaje ukapunguza mafuta pale?"

Harlan alipiga funda la kahawa iliyobaki. Mabega yake yalikuwa yameshuka, kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Mwaka jana alikwama yeye," alisema. "Changarawe zile zile, na mimi ndiye niliyempigia wimbi."