Ukimwona, Usimwite

"Tena mama, ukimwona, usimwite jina," Sumie alisema kwa mara ya tatu tangu waondoke hekalu la Nachi. "Ukimwita atageuka, na akigeuka atapotea njia yake ya huko aendako. Wewe inamisha kichwa tu, apite."

"Nimesikia. Mimi ni mzee, siyo kiziwi."

Kiyono alikuwa na miaka sabini na miwili na magoti mabovu, na njia ile ya mahujaji haina huruma na magoti. Ni ngazi za mawe yaliyoota ukoga, zinapanda hadi ndani ya ukungu, na ukidhani umefika, zinapanda tena. Lakini alipanda. Miaka saba alikuwa akimtafuta mwanawe, Noritaka, tangu viatu vyake vilipokutwa juu ya mwamba alikokwenda kuvua, fimbo ya kuvulia pembeni. Maiti haikuonekana. Polisi walisema bahari imemchukua. Kiyono alisema bahari ingemrudisha.

Kila mwezi alichapisha matangazo yenye picha ya mwanawe akayabandika kwenye vituo vya treni, kuanzia Owase hadi Osaka. Sumie, binti yake, ndiye aliyebeba gundi. Karatasi ya kuiomba mahakama imtangaze Noritaka kuwa marehemu ilikaa kwenye droo mwaka mzima bila sahihi ya mama. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Safari hii ilikuwa wazo la Sumie. Kila mtu wa Kumano anajua kwamba katika mlima ule watu hukutana na wafu wao wakitembea. Habari ya kutowaita majina ndiyo Kiyono hakuwahi kuisikia, lakini Sumie alisema ameambiwa na mtu anayejua.

"Nikimwona, nitatia sahihi," Kiyono alikuwa ameahidi. "Nisipomwona, basi yu hai, na wewe utanunua gundi nyingine."

Saa sita walikaa kwenye gogo wakala vibonge vya wali vilivyofungwa kwa majani ya haradali. Kiyono alibakiza tonge moja, kama watu wa kule wanavyobakiza, kwa ajili ya mizimu yenye njaa inayowavamia wasafiri. Sumie alitazama simu yake, akairudisha mfukoni.

"Twende, mama. Ukungu umeshuka vizuri."

"Vizuri?"

"Umeshuka sana, ndiyo maana yangu. Simama, nishike mkono."

Hawakwenda mbali. Penye kona ya mierezi mtu alikuwa akija kutoka upande wa Koguchi, amevaa nguo nyeupe za hija. Kiyono alimjua kabla hajauona uso. Bega la kushoto lilikuwa chini kidogo, vile vile lilivyokuwa tangu alipolivunja akiwa darasa la pili.

Mdomo wake ulijaa lile jina. Aliuma mkono wa koti, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na machozi yakamdondokea juu ya viatu. Nyayo zilikaribia. Zilisimama mbele yake, karibu kiasi kwamba angenyoosha kidole tu angemgusa, na moyo ulimuuma kwa kutokunyoosha kidole hicho. Kisha nyayo zikaendelea, ukungu ukazifunika.

"Umemwona?" aliuliza alipoweza kusema.

"Nani? Mimi sijaona mtu."

Kiyono alikaa chini kwenye mawe yenye maji akalia kwa sauti, kama mtoto aliyepigwa. Alilia mpaka kamasi zikamtoka. Halafu, ghafla, akacheka.

"Sumie, kaka yako amenenepa! Tumbo hili hapa! Huko aliko wanamlisha."

"Ukungu humnenepesha mtu, mama."

"Nyamaza. Wewe si hukumwona?"

Aliweka lile tonge la wali juu ya jiwe, ingawa alikiri mwenyewe kwamba mtoto hakuonekana kuwa na njaa.

Mteremko wa mwisho huwatoa machozi vijana. Kiyono aliuteremka akiongea bila kupumzika: kaburi litakaa karibu na la baba yake, ndani watazika wembe wake na shati la kazini, na mtawa amtafutie jina zuri, lile jipya analopewa mtu akishakufa, siyo la bei rahisi kama alilompa jirani. Sumie aliitikia kila neno.

Kwenye kituo cha basi cha Koguchi, Kiyono alifungua mkoba wake akatoa bunda la matangazo.

"Kayachome. Kwenye picha hii alikuwa amekonda, sitaki watu wamkumbuke hivyo. Na ile karatasi niletee kesho, kabla hata ya chai." Alimshika binti yake mashavu kwa mikono yake yenye baridi. "Umenihurumia, mwanangu. Sasa nitalala usingizi. Hakuna binti kama wewe."

Alipanda basi akakaa kiti cha mbele, akafumba macho huku anatabasamu. Sumie alibaki nje, akazunguka nyuma ya kibanda na simu sikioni.

"Kesho mama yetu anatia sahihi, kaka," alinong'ona. "Sasa teremkia Nachi ubadilishe hizo nguo mbichi, usije ukawapelekea wanao mafua."