Hodi Kisimani

Mtaalamu wa maji wa serikali alishusha kamba ya kupimia katika kisima pekee cha mji. Kamba ikigusa maji, kengele iliyo mkononi mwake ingelia. Isipolia, mji wote ungehamishwa.

"Na kaburi la mwanangu mtalibeba?" aliuliza Bi Nyamizi, ndoo yake tupu kichwani.

"Mama, mimi napima tu."

Kamba ikaisha. Kengele haikulia.

"Hukubisha hodi, baba. Sisi hapa hatuteki bila hodi."

Mtaalamu akacheka, lakini akavua kofia, akainama. "Hodi!"

Sauti yake ikazama taratibu, ikaenda mbali. Bi Nyamizi akafumba macho. Ubaridi wenye harufu ya mvua ukapanda kutoka chini, na kamba ikaanza kutikisika vidoleni mwa mtaalamu.