Jina la Mtoto na Nakisi ya Serikali

Binti wa Ngoy na Henriette alitimiza siku themanini na saba bila jina, na sababu ilikuwa bajeti ya serikali.

Kila Jumamosi asubuhi redio ya mtaa, pale Kapata, ilirusha mdahalo wa akina mama wawili. Mama Kabedi, mwenye sauti nzito, aliitetea serikali: nchi inayojenga lazima itumie zaidi kuliko inavyopata, na kila mtu aongeze kodi kidogo. Mama Tshibola, mwenye sauti nyembamba, alikuwa mpinzani: kodi zipungue, magari ya wakubwa yauzwe.

"Shimo ya madini ya Kasulo inakuwaka na mwisho," alisema siku moja. "Ile ya bajeti, mi sijaona bado."

Ngoy alikuwa karani wa komine, ofisi ya serikali ya eneo lao, na mshahara wake ulitoka kwenye kodi. Alitaka mtoto aitwe Kabedi. Henriette aliuza unga sokoni, ambako mtoza kodi alipita kabla ya mteja wa kwanza. Yeye alitaka Tshibola.

"Mutoto wangu hatabeba jina ya mutu wa kupandisha kodi," alisema.

"Na wangu hatabeba ya mupinzani," Ngoy alijibu, akimpepea mtoto yuleyule.

Majirani walitakiwa kumwita Henriette kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza. Walimwita Mama Nani. Alicheka nao, lakini akibaki peke yake alimnong'oneza mtoto majina yote mawili, polepole, aone lipi litamkaa.

Jambo moja tu mume na mke walikubaliana: mama hao walikuwa na adabu. Hawakupayuka kwa pamoja kama wanasiasa wengine. Mwezi wa sita Mama Kabedi alipopata mafua, Mama Tshibola naye alikohoa kipindi kizima. Ngoy akasema wapinzani hata mafua wanaiga.

Sasa zilibaki siku tatu za kuandikisha mtoto bure. Wakaafikiana: apelekwe redioni, awekwe katikati ya mama hao, na yule ambaye mtoto atamchekea ndiye atoe jina. Henriette alimvalisha kofia ya manjano. Ngoy alibeba kuku wawili, mmoja kwa kila chama, kwa sababu huwezi kumwomba mtu jina mikono mitupu.

Mlinzi wa redio, Mechack, aliwaambia wangoje nje. Mdahalo ulikuwa umepamba moto, na mkurugenzi alikataza mtu yeyote kuingia.

"Hata sisi tuko na nakisi, tata," alimlalamikia Ngoy. "Banakata matumizi kila mwezi."

Kutoka ndani sauti nzito ilidai kodi mpya. Mtoto akacheka. Ngoy akanyoosha shingo kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Sauti nyembamba ikazikataa kodi zote. Mtoto akacheka vilevile.

"Unaona?" alisema Henriette, na kwa furaha akampiga mumewe begani. Kuku wa upinzani akaponyoka, akapita katikati ya miguu ya Mechack na kupenya chini ya pazia la studio. Henriette alimkimbilia, mtoto mgongoni, akalifunua pazia.

Ndani kulikuwa na mama mmoja, kiti kimoja na mikrofoni moja.

"Usinikate maneno, mama," alifoka kwa sauti nzito, kisha akajikatiza kwa ile nyembamba.