Udongo wa Mwanamvua

Siku ya tatu baada ya talaka, Mwanamvua alirudi na sepetu, magunia na mkokoteni wa punda. Faki, aliyekuwa mumewe, alimkuta uani akichota udongo.

"Wewe mwanamke, umerogwa?"

"Mjumbe aliyetugawia mali kasema kila mtu achukue alichokitengeneza. Nyumba yako, mwamba wako. Udongo wangu."

"Udongo ni wa Mungu!"

"Basi mwombe akuletee mwingine. Uliponioa hapa palikuwa jiwe tupu, lina ukoga tu. Nikamwaga maganda, majivu, maji ya samaki, hata nyasi zikashika. Nikapanda mbaazi ziutie udongo nguvu, majani yake nikayaacha yaoze, wewe ukiniita mama jalala. Miaka kumi na minane, Faki! Humu mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vyote nimevilea mimi. Ulichotia wewe ni vishungi vya sigara. Nimekuwekea dirishani."

Majirani waliangua kicheko nyuma ya ukuta.

"Bi arusi anakuja Ijumaa," Faki alinong'ona. "Nimemwahidi bustani."

"Aanzie kwenye upara wako."

Akachota bila kupumzika, meno kayauma, machozi ya hasira yakimtiririka. Mwisho akafagia, mwamba ukabaki mweupe kama mfupa. Mkokoteni ukaondoka.

Juu ya jiwe lililochomwa na jua, nyungunyungu mmoja alikuwa akijinyonganyonga. Faki akamwokota, akamweka kiganjani, akazunguka ua mzima akitafuta pa kumtua.