Barua Isiyo na Shikamoo

Hadithi yenyewe Bi Batuli aliimaliza kwa mchana mmoja. Barua ya kuisindikiza ndiyo iliyomtoa jasho wiki mbili nzima.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, na Tabora nzima, wazee kwa vijana, ilikuwa imeshikishwa kalamu. Bi Batuli, mjane wa marehemu Mabruki seremala, alikuwa wa kwanza kufika kwenye kisomo cha watu wazima na wa mwisho kuondoka. Watu wakamsifu kwa bidii. Ukweli ni kwamba hakuwa na haraka ya kurudi Cheyo, kwenye nyumba ambamo siku nzima hamkuwa na wa kumwambia shikamoo. Upweke ulimchosha kuliko uzee.

Mwalimu Koleta alikuwa na gazeti la hadithi kutoka Dar es Salaam. Ukurasa wa mwisho mhariri alikuwa ameweka masharti: barua iwe fupi, itaje jina, anwani na idadi ya kurasa, mwandishi asijisifu wala asieleze shida zake, atie na stempu ya majibu. Atakayefuata utaratibu huo, mhariri atamjibu kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwa mkono wake kweli, mwalimu? Si karani?" Bi Batuli aliuliza kwa mara ya tatu.

"Ndivyo alivyosema, bibi." Koleta alikuwa akiipitia barua, kalamu mkononi. Hapa akafuta mguu unaouma, pale akafuta paa linalovuja. "Haya mhariri hayamhusu."

Bi Batuli akaitikia: "Haya, futa."

"Ila huyu ni mtu mkubwa. Juu hapa tuanze na shikamoo."

"Shikamoo siandiki."

Koleta akacheka, akadhani ni maringo ya watu wa mjini. "Basi 'Ndugu Mhariri' inatosha. Lakini mbona hapa chini umeweka jina la jirani yako, Nyamizi Lugembe?"

"Kwa jina langu zimekwenda barua kumi na moja. Hakujibu hata moja."

"Labda zilikosa utaratibu."

"Labda," alisema Bi Batuli, akaikunja karatasi.

Hadithi ilimhusu mpagazi wa zamani aliyeondoka Unyanyembe na msafara wa pembe za ndovu, akafika pwani, akanenepa, akawasahau wote aliowaacha. Wiki nne zikapita kimya. Ya tano, bahasha ikaletwa darasani. Bi Batuli akamkabidhi Koleta, naye akaifungua na kumsomea.

"Ndugu Nyamizi, barua yako imefuata utaratibu, nakushukuru. Hadithi hatutaichapisha. Mwisho wake hauaminiki: mtu mwenye akili timamu hawezi kumsahau mama yake kiasi hicho. Usikate tamaa."

"Pole, bibi," alisema Koleta.

Bi Batuli hakuwa na habari na pole yake. Aliichukua karatasi, akapeleka kidole hadi chini kabisa, penye wino wa buluu, akaisoma sahihi silabi kwa silabi: Sho-ma-ri Ma-bru-ki.

"Marahaba, mwanangu," akasema.